Nilisema Hamalizi

2 Septemba

Mwalimu wa lugha katuambia tuandike kila siku hadi mtihani wa taifa uishe, hata kama siku haikuwa na lolote, eti mkono ulainike. Wenzangu wamenuna. Mimi nimechekelea. Kunipa mimi karatasi tupu ni kumpa mlevi ufunguo wa baa.

Nijitambulishe basi. Naitwa Redio. Jina hili sikujipachika, nilipewa na walimu watatu kwa nyakati tofauti bila kushauriana, kwa hiyo ni la haki. Niko kidato cha nne katika shule ya binafsi yenye geti la kijani na bango kubwa linalosema HAKUNA ALIYEFELI. Mimi ndiye mkubwa kuliko wote darasani, kwa kuwa katikati niliacha shule miaka miwili nikawa naosha magari. Aliyenirudisha ni mama mdogo. Yeye ndiye mshonaji wa sare za shule hii, na kwa kazi hiyo tunasoma wawili: mimi na mwanawe.

Huyo mwanawe ndiye mdogo wangu, tunalala chumba kimoja na kukaa dawati moja. Shule nzima inamwita Taratibu. Ukimuuliza saa ngapi, ataangalia saa, atafikiri, halafu ataangalia tena ahakikishe. Kufunga kamba za viatu kwake ni ibada.

Leo yametoka matokeo ya mtihani wa majaribio. Yangu siyaandiki hapa, karatasi isije ikaaibika.

3 Septemba

Mvua. Mabati yamepiga kelele hadi mwalimu wa hesabu akakata tamaa na kukaa. Nimempenda ghafla.

5 Septemba

Leo nimeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Sisi tunamwita Bwana Wastani, kwa sababu hajawahi kumaliza sentensi bila kutaja wastani wa shule. Nadhani hata akiomba chumvi mezani anauliza wastani wake.

Nilidhani naenda kuchapwa au kufukuzwa. Kumbe nimepewa kiti. Kakaa mbele yangu, kafuta miwani, kaniambia kwamba kuna wanafunzi wanane ambao kwa matokeo yao wataushusha wastani, na bango la getini litabidi lishushwe pia. Mimi ni mmoja wao. Nikasema pole, mwalimu. Akasema pole haisaidii, ila kuna njia. Kuna kituo cha watahiniwa wa kujitegemea upande wa pili wa mji. Wale wanane wakijiandikisha kule, mtihani ni ule ule, cheti ni kile kile, ila matokeo yao hayahesabiwi shuleni kwetu. Sharti ni moja: waombe wenyewe. Hawezi kuwafukuza, wakaguzi watamkalia kooni.

Nikamuuliza sasa mimi nahusikaje. Akatabasamu. Akasema ana walimu wengi lakini hakuna hata mmoja ambaye darasa linamsikiliza kama linavyonisikiliza mimi. Nikiwashawishi waende kwa hiari yao, basi mimi nabaki. Atanivumilia. Mmoja hauangushi wastani.

Sijawahi kusifiwa ofisini. Nilivimba hadi kiti kikaniona.

Akaanza kunitajia hao wengine, mmoja mmoja, na mimi naitikia tu. Walipotimia saba pamoja nami akasita. Wa nane alikuwa bado hajaamuliwa, yuko juu ya mstari kwa uzi tu, na huyo ni Taratibu. Akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza hali ya hewa, "Wewe unaishi naye. Huyu mdogo wako, siku ya mtihani atamaliza karatasi?"

Nikasema, "Hamalizi, mwalimu. Ni mzito."

Akatikisa kichwa, akanishukuru kwa ukweli wangu.

Nimetoka pale natembea kama waziri. Nitabaki, na mimi ndiye nitakayewapanga wenzangu. Redio imepata mawimbi.

6 Septemba

Kwa nini nilisema vile? Basi tu. Swali liliulizwa, mdomo ulikuwa karibu.

9 Septemba

Kazi imekwisha, na nimeifanya kwa ufundi. Sikuwakusanya. Nimempata kila mmoja peke yake, kila mtu na dawa yake. Yule mwoga nimemwambia kule wasimamizi ni wapole. Mcheza mpira nimemwambia hakuna kupanga mstari wala kuamka alfajiri. Yule dada anayependa kubishana nimemwambia asiende, kule si kwake. Kesho yake alikuwa wa kwanza kuomba.

Taratibu ndiye aliyenichosha. Tulikuwa tunarudi nyumbani na matope yanavuta viatu. Nilimpa yote, upole, uhuru, amani. Akawa anasikiliza tu. Tulipofika kwenye daraja dogo akasimama akaniuliza kama na mimi naenda. Nikasema mimi Bwana Wastani kanikatalia, ananihitaji kwa sherehe za shule. Akauliza basi kwa nini yeye aende, mbona anapapenda pale shuleni. Hapo nikatumia ile ya mwisho.

"Mdogo wangu, mimi nakwambia kwa sababu nakupenda. Hapa utafeli. Utawaangusha wote, na mama ndiye atakayeonyeshwa kidole."

Tulitembea hadi nyumbani. Amekula taratibu kama kawaida, kaosha sahani yake na yangu, halafu kaniambia sawa, ataomba.

10 Septemba

Wote saba wameomba. Bwana Wastani kanipungia mkono kutoka dirishani.

17 Septemba

Wale saba wamehamishiwa chumba cha nyuma ya jiko, wajisomee. Sisi tunaendelea na walimu. Nimewapitia wakati wa mapumziko nikawapigia soga, wakacheka, lakini hakuna aliyeniambia nikae.

Leo tulikuwa maabara. Madamu wa maabara, mama mmoja mkali mwenye koti jeupe lililotoboka kwa asidi, aliita mahudhurio hadi akafika kwa Taratibu. Akaniuliza yuko wapi. Nikamwambia kahamia kituo, kwa hiari yake. Akaweka kalamu mezani. Akasema kule hakuna maabara. Watahiniwa wa kule hawafanyi vitendo, wanapewa karatasi ya mbadala, picha za vyombo na maswali ya kujaza. Na chuo cha wataalamu wa maabara za hospitali hakichukui mtu wa karatasi ya mbadala.

Mimi hilo sikulijua. Naapa sikulijua.

Sasa niseme jambo moja kuhusu Taratibu ambalo watu hawalijui kwa kuwa wanamcheka. Ule uzito wake wote, ukimwingiza maabara, unageuka kitu kingine. Kuna zoezi la kudondosha dawa kutoka kwenye bureti, yaani ule mrija mrefu wa kioo wenye koki chini, hadi maji yaliyo chini yabadilike rangi kwa tone moja tu. Sisi wote tunafungua koki kama bomba la bafuni, maji yanakuwa mekundu kama sharubati, tunaandika namba ya uongo. Yeye anasubiri. Maji yake yanabaki meupe, meupe, halafu yanashika waridi hafifu kama ukucha wa mtoto. Madamu alizoea kutuita wote tukaangalie.

Tangu mwaka jana anasema atasoma chuo kile. Ndilo jambo pekee ambalo nimewahi kumsikia akilisema haraka.

18 Septemba

Sina hamu.

20 Septemba

Amejua. Madamu alimfuata mwenyewe chumba cha nyuma akamweleza. Nilijiandaa kwa ugomvi, nikapanga na majibu. Alipofika nyumbani alivua viatu, akavipanga, akamwambia mama yake kwamba chuo labda kitasubiri mwakani. Mama mdogo alikuwa anatia kola kwenye shati, akauliza kulikoni. Akasema, "Mimi mwenyewe niliona hapa ningefeli, mama. Si kaka alinieleza vizuri?"

Mama mdogo akaniangalia kwa upendo. Akanishukuru kwa kumwangalia mdogo wangu. Halafu akanipa shati jipya nijaribu, eti bega limekaa sawasawa.

Nilivaa. Lilinikaa sawasawa. Nilitamani linibane.

28 Septemba

Taratibu kaniambia kwamba kwa kuwa mimi ndiye nitakayefanya vitendo, anifundishe. Mimi nikamwambia sihitaji, kipaji ninacho. Akasema anajua ninavyofungua koki.

Basi kachemsha maua mekundu ya ua wa jirani, akapata maji ya zambarau. Kakamulia limau, yakawa mekundu. Halafu kachukua bomba la sindano lisilo na sindano, kalijaza maji ya magadi, akanipa. Tone. Tikisa. Ngoja. Tone. Tikisa. Ngoja. Nilivyo mimi, tone la tatu nikaminya lote, maji yakawa ya kijani cha ajabu. Alicheka hadi akakaa chini. Akaniambia shida yangu ni kwamba nataka rangi ije mimi ninapotaka.

Tumerudia mpaka giza likaingia. Mkono wake ulikuwa juu ya mkono wangu, unauzuia.

4 Oktoba

Tone, tikisa, ngoja. Nimepata mara mbili. Yeye ndiye aliyefurahi.

9 Oktoba

Nimekwenda kwa Bwana Wastani bila kuitwa. Njiani nilikuwa simba. Nilipanga kumwambia amrudishe Taratibu au atanitambua.

Kaniacha nimalize. Halafu kanieleza kwa upole kwamba usajili ulishafungwa, hata akitaka hawezi. Nikasema basi aniondoe mimi, amweke yeye. Akasema mitihani si viti vya basi. Nikasema basi nitawaambia wazazi kwamba wale watoto hawakuomba, walipangwa.

Akavaa miwani. "Waambie. Na waambie pia nilimuuliza nani kuhusu mdogo wako, na alijibu nini. Mimi nilikuwa nimeshamweka upande wa kubaki."

Sijui nilitokaje pale. Nakumbuka mvua tu. Simba kaloa.

10 Oktoba

Upande wa kubaki.

11 Oktoba

Upande wa kubaki. Nikifunga macho naliona lile swali lake limekaa mezani, na mimi nakimbilia kulijibu kama mbwa anayetupiwa mfupa.

19 Oktoba

Leo ilikuwa siku ya wazazi, na mshereheshaji nilikuwa mimi. Nani mwingine? Bwana Wastani kanikabidhi kipaza sauti mwenyewe, mbele ya watu wote, kwa tabasamu. Niliamua tangu juzi. Nilikuwa na sentensi moja tu, nimeifanyia mazoezi chooni: wale saba hawakuomba, niliwadanganya mimi, na mdogo wangu alikuwa na nafasi yake. Basi. Baadaye wanichinje.

Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Mama mdogo kakaa safu ya tatu, kavaa gauni lake la kutokea, mkoba magotini. Taratibu yuko kando yake. Bwana Wastani kahutubia muda mrefu kuhusu nidhamu na kuhusu yule yule tunayemjua, wastani. Kisha akasema kwamba mwaka huu kuna vijana ambao kwa ukomavu wao wameomba wenyewe kufanyia kituo kingine, na wapigiwe makofi. Makofi yakapigwa. Mama mdogo alipiga kwa nguvu kuliko wote. Taratibu akaangalia viatu vyake.

Akanigeukia nifunge mkutano.

Nikasimama. Kipaza sauti kilikuwa na jasho, au jasho lilikuwa langu. Nikaiona ile sentensi, nikaifungulia mdomo. Watu wakaanza kutabasamu kabla sijasema neno, maana wananijua. Waliketi vizuri wakisubiri kucheka. Na mimi, Mungu wangu, nikaona wanasubiri kucheka.

Nikasema, "Mmemwona mdogo wangu pale? Huyu ukimchekesha Jumatatu, anacheka Alhamisi."

Ukumbi ukalipuka. Mzee mmoja aligonga fimbo sakafuni. Mama mdogo alicheka huku akimpigapiga mwanawe mgongoni, kwa mapenzi tu. Bwana Wastani alicheka meno yote. Nikamtazama Taratibu.

Alikuwa anacheka. Safari hii alicheka kwa wakati, pamoja na watu wote, haraka haraka, kama mtu aliyejifunza.

Nikawashukuru wazazi kwa kuja, nikawatakia safari njema.

20 Oktoba

Watu bado wananipongeza njiani. Nimepita uchochoroni.

26 Oktoba

Nilijaribu kumwambia leo, tukifua. Nikaanza, "Unajua lile jambo la kituo." Akasema ameshalisahau, nisilibebe. Akanipa ndoo nikateke maji. Nikateka maji.

Mtu mwenye mdomo kama wangu, ambaye amewauzia watu saba hasara wakanunua kwa furaha, sentensi moja inamkwama kama mfupa wa samaki.

5 Novemba

Mtihani umeanza. Asubuhi mama mdogo anatufungia kila mtu chai yake kwenye chupa. Taratibu anakwenda kushoto, mimi kulia. Anatembea mwendo wake ule ule. Ameanza kuondoka mapema sana.

7 Novemba

Hesabu. Nisiseme mengi. Mvua ilikuwa nzuri.

8 Novemba

Taratibu anasema amemaliza karatasi zote hadi sasa, na muda ukabaki. Hakulisema kwa kujivuna. Mama mdogo ndiye aliyemuuliza.

12 Novemba

Leo vitendo.

Tulisimama mstari nje ya maabara, koti la kuazima, mikono baridi. Nikaingia nikakuta meza yangu, bureti imesimama, chupa mbili za dawa, bilauri nyeupe chini yake. Wenzangu wakaanza kufungua koki kama kawaida yetu. Mimi nikashika koki, na nikasikia mkono juu ya mkono wangu. Tone. Tikisa. Ngoja. Nilingoja hadi msimamizi akapita mara mbili kunitazama kama nimelala. Halafu maji yakashika waridi, hafifu kabisa, na yakabaki hivyo. Nikarudia. Ile ile. Nikarudia tena. Ile ile.

Tangu nizaliwe ni mtihani wa kwanza ambao jibu lake ni la kweli na nimelipata mimi. Na sikuwa na wa kumtambia. Mwenye jibu alikuwa ng'ambo ya mji wakati ule ule, anajaza jina la chombo chini ya picha.

Nilifika nyumbani nikamkuta uani anaanua nguo, wingu limekaza. Akanikimbilia. Yeye, kukimbia. Akauliza rangi ilikuwaje, ilikuja ghafla au ilivizia, namba zilikaribiana? Nikamjibu. Alifumba macho akawa anaiona.

Nikamwambia, "Mdogo wangu, ulikuwa ubaki. Mwalimu aliniuliza kama utamaliza karatasi. Nikasema humalizi."

Akafumbua macho. Shati la shule la mtu fulani lilikuwa begani kwake. Alichukua muda wake wote, na mimi nikausubiri wote.

"Ndivyo ulivyoona?"

"Sikuona. Nilisema tu."

Nilitaka anipige. Nilikuwa nimesogea karibu makusudi ili asipate shida kunifikia. Akaendelea kuanua, pini moja moja, anazitia kwenye kikapu. Mama mdogo alikuwa mlangoni; sijui alisimama hapo tangu neno gani. Alishuka hadi uani, akachukua kikapu mkononi mwa mwanawe, na kwa mara ya kwanza tangu anichukue aliniambia kitu bila kunitazama. Akasema sare zile ni za watu, nisizishike.

Wakati wa kulala nikasikia Taratibu anageuka kitandani.

"Zile dawa zilizobaki," akasema, "zimeshamwagwa?"

Nikasema Madamu humwaga wiki ikiisha.

"Kesho nipeleke."

13 Novemba

Leo hapakuwa na mtihani. Tumekwenda shule pamoja kwa mara ya kwanza tangu mtihani uanze, yeye mbele, mimi nyuma.

Madamu alikuwa anafungasha vyombo. Taratibu akamwamkia, akamwomba ruhusa kufanya zoezi la jana, mara moja tu, kisha atasafisha. Madamu akanitazama mimi, akamtazama yeye, akavua kufuli la kabati. Alimpangia meza kama ya mtihani kabisa, na karatasi ya maswali juu yake. Akaangalia saa akasema aanze.

Mimi nilisimama karibu na dirisha. Sitaieleza sana. Alisuuza bureti kwa dawa kwanza, jambo ambalo sisi wote tulilisahau. Aliinama hadi jicho likawa sawa na mstari. Hapakuwa na msimamizi wala kengele, na alifanya kama wapo. Waridi ilikuja mara tatu. Kati ya tone na tone nilikuwa nasikia maji ya mvua yanavyomalizika kwenye mifereji.

Alijaza majibu yote hadi swali la mwisho, akafunika kalamu, akainua mkono kama tunavyofundishwa. Muda ulikuwa bado. Madamu akaichukua karatasi, akaisoma amesimama. Akatoa mfukoni namba zake mwenyewe, zile alizojaribia kabla ya mtihani, akaziweka kando ya zile za karatasini. Kisha akaikunja karatasi ya Taratibu akamrudishia, kwa kuwa hapakuwa na pa kuipeleka.

Akamwambia mwakani arudi, atampigania. Taratibu akamshukuru sana, akasema atatafuta shule nyingine.

Alianza kuosha vyombo, vyake kwanza, halafu na vya meza ya pili, ambavyo vilikuwa na dawa ya jana imekauka. Vilikuwa vyangu. Nikasogea nikachukua kitambaa ili angalau nimkaushie bureti.

Akakitoa mkononi mwangu polepole, kidole kwa kidole.

"Acha, kaka," akasema. "Utavunja."